Foleni ya Nyoka wa Radi

Skolastika Mkude alifumba macho nyuma ya watu elfu mbili, akayafumbua akiwa ameshaketi kwenye kigari cha mbele cha Nyoka wa Radi, mkanda kifuani. Kwake ilikuwa kupepesa tu. Saa ya mnarani ilisema vingine: muda wa saa tatu na dakika kumi ulikuwa umepita.

Hicho ndicho kirukafoleni, kilichoifanya Bustani ya Bembea, chini ya milima ya Uluguru, ifurike watu kila siku. Aliyekibuni ni yeye mwenyewe Skolastika. Ni bangili nyembamba, na haimlazi mtu usingizi. Mvaaji husimama, husogea, hupiga soga na kucheka kama kawaida. Ila ubongo wake hauhifadhi chochote mpaka zamu yake ifike. Akikalia kiti, huona kama ameingia getini sasa hivi. Wakubwa walipomuuliza kama kuna madhara, aliwajibu, "Hakuna kinachopotea ila uchovu." Maneno hayo yanawaka getini mchana kutwa, na yeye, tuseme ukweli, akipita hapo hupunguza mwendo.

Leo alikuwa amemleta baba yake. Mzee Bonifasi alikuwa fundi mitambo kwenye kituo cha anga kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo mkewe aliugua, akafa, akazikwa. Mzee hakushuka. Alituma salamu za video za dakika nne. Tangu arudi, baba na binti waliulizana habari za mvua na za mguu wake unaomsumbua, basi. Skola alidhani siku moja ya kupiga kelele pamoja ingewasaidia kuliko maneno.

Aligeuka kumtazama. Macho ya mzee yalikuwa mekundu, na alikuwa anatabasamu. Kisha akamshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu binti yake ana miaka kumi.

"Asante, mwanangu."

"Ya nini, Baba?"

Kigari kikaondoka. Nyoka wa Radi hana magurudumu. Sumaku humnyanyua na sumaku humtupa. Walipanda hadi wakayaona mabati yote ya Morogoro, wakatulia kidogo kule juu, wakaporomoka. Tumbo la Skola lilibaki nyuma. Mzee aliyeishi miaka tisa angani alipiga ukelele wa "Yesu na Maria!" akacheka mpaka meno ya bandia nusura yamtoroke.

Skola naye alicheka, lakini alikuwa ameshaona kitu. Leso aliyoikunja vizuri asubuhi na kuitia mkobani sasa ilikuwa kiganjani mwake, imelowa chapachapa. Koo lilimkereketa kama la mtu aliyelia sana. Mtu wa vipimo hawezi kuviacha vitu kama hivyo vipite.

Waliposhuka akauliza, "Baba, bangili yako iko wapi?"

Mzee akaichomoa kwenye mfuko wa shati. "Hii tiketi? Niliivua mara tu tulipoingia. Huko juu walinivalisha za kunipima miaka tisa, mkono ukaota sugu. Nimekosea?"

"Kwa hiyo foleni yote unaikumbuka."

"Nitaisahauje? Skola, leo umenitua mzigo. Nilivyoogopa kukueleza kwa nini sikushuka! Nikasema akinitukana, na anitukane. Ukanitukana kweli. Halafu ukalia, ukaniambia umenisamehe."

Skola akaitazama leso iliyolowa. Miaka kumi na minne, tangu mazishi, alilisubiri jibu lile. Alikuwa amelisikia, amelililia, amelikubali, na hakubakiwa na hata neno moja. Bangili hairekodi kitu; hilo nalo alijivunia siku ya uzinduzi. Alimwonea wivu yule mwanamke aliyesimama kwenye foleni kwa jina lake na kuyasikia yote.

Angeweza kunyamaza. Baba yake alikuwa anatembea mwepesi, mguu kausahau, anatafuta mahindi ya kuchoma. Angenyamaza, msamaha ungebaki. Lakini hamu ya kujua ilimwasha, na aliona haya kushukuriwa kwa jambo asilolijua.

"Baba, simama kidogo."

Akamweleza bangili inafanya nini, bila kujitetea. Tabasamu la mzee lilififia taratibu. Akaketi kwenye ukingo wa maua, akayatazama maandishi ya getini kwa muda mrefu.

"Kumbe hukunisamehe."

"Sijui, Baba. Bado sijasikia."

Foleni ya Mnara wa Kimondo ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote siku hiyo, imepinda mpaka nyuma ya vyoo. Wenye bangili walikuwa wanacheka mambo ambayo hawatayakumbuka. Skola akaivua yake, akaitia mkobani, wakasimama nyuma ya mtu wa mwisho. Jua lilikuwa kali, na haukupita muda miguu ikaanza kumuuma.

Mzee akakohoa.

"Ilikuwa Jumanne," akaanza, "waliponiita chumba cha mawasiliano." Sauti yake ilitetemeka, kana kwamba hajawahi kuyasema.

Skola akamshika mkono. Safari hii hata yeye hakujua atamjibu nini.