Miguu ya Olwethu

Kila Jumamosi asubuhi, Zizipho alipomaliza kufagia uwanja, alikwenda kusimama kwenye geti la kina Olwethu na kupiga mluzi. Nyumba zao pale Mdantsane, Afrika Kusini, zilitazamana, na wasichana hao wa miaka kumi na miwili walikuwa chanda na pete. Olwethu alitoka mdomo umejaa andazi, bibi yake, aliyemwita Makhulu, akimfuata nyuma kwa maneno.

"Mtoto wa kike unakimbia, unaogelea, unaendesha baiskeli! Kwani unafukuzwa na polisi?"

"Nafukuzwa na Zizipho, Makhulu," Olwethu alijibu, "ila hanipati."

Lilikuwa neno la kweli, na lilimchoma Zizipho kidogo. Dada Vuyiswa, muuguzi wa zahanati, ndiye aliyeanzisha klabu ya kuwafundisha watoto wa mtaa ule mbio za michezo mitatu. Katika klabu yake hiyo Zizipho hakuwahi hata mara moja kumshinda rafiki yake.

Siku ya mashindano, huko Nahoon, walitakiwa kuogelea mtoni, watoke mbio wachukue baiskeli, kisha wamalizie kwa miguu, bila kupumzika popote. Baiskeli zilitundikwa kwenye bomba refu, ya Zizipho kando ya ile ya Olwethu. Watoto walipoanza kuitwa, Zizipho alikumbuka kwamba ameacha miwani yake ya kuogelea kwenye usukani. Alirudi mbio, akaivuta kwa pupa, kiwiko chake kikaipiga baiskeli ya Olwethu, ikaanguka chini kwa kishindo.

Hakuna aliyeona. Aliiinua, akaitundika tena. Hapo ndipo alipogundua kwamba breki ya nyuma imepinda na mpira wake unasugua gurudumu. Alilisukuma gurudumu kwa kidole. Likazunguka kidogo, likasimama.

Dada Vuyiswa alikuwa karibu tu, spana mfukoni. Kumwita lilikuwa jambo dogo. Lakini filimbi ililia, na Zizipho akajisikia akiwaza kwamba leo, huenda leo, atakuwa mbele. Aliliogopa wazo lile, lakini hakulifukuza. Akajitia hamnazo, akakimbilia mtoni.

Olwethu alitoka majini wa kwanza, kama kawaida yake. Zizipho alimkuta kwenye kilima. Alikuwa amesimama juu ya pedali, shingo imekakamaa, baiskeli inasogea kwa shida.

"Ziz, miguu imekataa!" alisema akihema. "Sijui nimekula nini mimi!"

Neno moja lingetosha. Olwethu angeshuka, angeinyoosha breki kwa mkono, angeendelea. Zizipho alikaza macho barabarani, akampita.

Alimaliza wa tatu. Alivishwa medali, mama yake akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Olwethu alifika wa mwisho kabisa, watu wakimpigia yale makofi ya huruma ambayo hakuna mtoto anayeyapenda. Hata hivyo alikuja moja kwa moja kumkumbatia rafiki yake.

"Hongera, wewe! Leo umenipata."

Zizipho alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake, Jumapili, chakula hakikumshuka.

"Bingwa hali?" kaka yake alimtania. "Au anasubiri kulishwa na waandishi wa habari?"

Wote walicheka isipokuwa yeye. Medali ilikuwa imetundikwa ukutani, na kila alipoiona, moyo ulimsuta upya.

Jioni Olwethu alikuja na mfuko. Ndani mlikuwa na nguo yake ya kuogelea, kofia na miwani.

"Chukua vyote," alisema. "Makhulu amenichemshia supu ya mifupa, eti nipate nguvu. Nimekunywa ili asihuzunike, lakini najijua. Miguu yangu mibovu. Nakwenda kumwambia Dada Vuyiswa baiskeli ampe mtoto mwingine."

Zizipho alikuwa amejifariji kwamba ameharibu mbio moja tu, na mbio nyingine zitakuja. Sasa aliona alichoharibu. Aliitoa medali ukutani, akaitia mfukoni, akamshika mwenzake mkono, wakaenda kwa Dada Vuyiswa, ambako baiskeli za klabu zilihifadhiwa. Wakamkuta uani anaanika sare zake za kazi.

Zizipho aliinua gurudumu la nyuma la baiskeli ya Olwethu. "Lizungushe," alisema.

Olwethu alilizungusha. Likasimama palepale. Akajaribu tena kwa nguvu zaidi, likasimama tena.

"Niliiangusha mimi, kabla ya mbio," Zizipho alisema. "Breki ikapinda. Nikanyamaza."

Olwethu aliliachia gurudumu. "Ulijua? Hata pale kilimani?"

"Hata pale."

"Nikakupa hongera!" Machozi ambayo hayakumtoka siku ya mashindano yalimtoka sasa. Zizipho naye alilia, akaitoa medali mfukoni na kumnyooshea.

"Ya nini hiyo?" Olwethu alisema kwa hasira. "Mimi nimekesha usiku kucha nayalaumu mapaja yangu!"

Dada Vuyiswa aliweka chini beseni la nguo, akaichukua medali ile.

"Nitairudisha kwa waandaaji na kuwaeleza yaliyotokea," alisema. "Na Jumamosi, Zizipho, utawaambia wenzako wa klabu kwa mdomo wako. Kuangusha baiskeli ni bahati mbaya. Hata mimi nimeziangusha nyingi. Kosa lako ni kunyamaza. Breki tutainyoosha sasa hivi, lakini mtu uliyemwacha ajione hafai, huyo hanyooshwi kwa spana. Ukimkosea mwenzako, mwambie mapema, kabla hajaanza kujilaumu kwa kosa lako."

Zizipho aliitikia kwa kichwa. "Nisamehe, Olwethu."

Olwethu alifuta pua kwa mkono wa gauni. Dada Vuyiswa alipomaliza kuinyoosha breki, Olwethu alilisukuma gurudumu kwa kidole, likazunguka, likazunguka, na hakuliondolea macho.

"Bado nimekukasirikia," alisema hatimaye, bila kumtazama Zizipho. "Tena sana. Lakini Jumamosi nipitie."