Jini la Pajani mwa Cyprien

Kwa jina la Mungu, aliyeumba damu kabla ya ulimi wa kuitaja, naanza. Habari hii ilizaliwa Luhwindja, katika shimo la dhahabu, ikateremka hadi mtaa wa Nguba, mjini, nyumbani kwa Cyprien na mkewe Colombe.

Huko shimoni alikochimba, kipande cha chuma kilimchoma Cyprien pajani. Kidonda kilipona; paja likaanza kuvuma, vuu, vuu, sawasawa na moyo. Shuka zilinuka udongo wa shimoni hata zikifuliwa. Mguu ukavimba, ukawa baridi, pumzi ikawa fupi.

Colombe akamwita Zagabe, aliyejiita nabii: koti jeupe, akili nyepesi, mtu ambaye hakuwahi kukimaliza hata kile kitabu alichokipunga hewani. Naye alifanya nini? Alisema ni jini, akampeleka mgonjwa katika chumba chake cha sala, akaweka maikrofoni juu ya paja, ili chumba kizima kimsikie. Watu wakapiga ngoma na makofi! Mgonjwa anakufa, wao wanacheza.

Lakini mvumo ule ulipanda katika spika, ukageuka pumzi, pumzi ikageuka kicheko, nacho kikazunguka kuta na kurudi juu ya vichwa vya waimbaji hata wakanyamaza mmoja mmoja, na kutoka mwilini mwa Cyprien, aliyekuwa amefumba midomo, sauti ikanong'ona: "Pigeni tena ngoma. Naipenda."

"Maman Colombe, tutoke," Cyprien alisihi. "Niko nakufa."

Hospitalini, Docta Micheline aligusa paja.

"Mushipa inayotoka ku moyo ilitoboka, ikaungana na ile inayorudisha damu. Moyo iko inachoka bure. Nitapitisha mrija mudogo yenye kuvikwa kitambaa, kwa katundu kadogo tu. Itafunga ile njia."

"Na jini, Docta?" Colombe aliuliza.

"Kama iko mule, itafute nyumba ingine."

Zagabe alikuja kusimama koridoni kando ya Colombe, apate kudai ushindi. Ndani ya chumba cha upasuaji, mrija ulifunguka mshipani, mvumo ukakatika. Harufu ya udongo mbichi ikajaa koridoni, taa zikafifia, na kitu baridi kisichoonekana kikapita mlangoni, kikasimama mbele ya nabii, kikamnusa polepole kuanzia viatu hadi kola, mpaka akamshika Colombe na kumsukuma mbele yake.

"Usiniingie! Ingia huyu mwanamuke!"

"Nikuingie wewe?" sauti ilisema. "Mimi hukaa ndani ya watu."

Kikaondoka; kilikokwenda, hatujui. Nabii akakimbia. Cyprien akatolewa akipumua vyema, mguu wake ukiwa na joto.

Nanyi mliosikiliza, Mungu aipitishe damu yenu katika njia zake, na awaepushe na wachungaji wanaojificha nyuma ya kondoo. Amina.