Nilipigia Makofi Debe la Mume Wangu

Nina miaka thelathini na tisa, ni mjane, mama wa watoto wawili. Naishi Nakwa, hapa Babati, kwenye nyumba ambayo ukisimama mlangoni unaliona ziwa. Kabla sijaanza nawaomba kitu kimoja, ndugu wasomaji: msinionee huruma mapema. Nisomeni hadi mwisho, halafu kila mtu aamue mwenyewe.

Mume wangu aliitwa Yohana, lakini mimi nilimwita Baba Rehema, kwa jina la binti yetu mkubwa. Tulilima nyanya na vitunguu kando ya ziwa. Anayelima kule anajua kwamba halimi peke yake, analima na viboko. Mchana wanalala majini, jua likizama wanatoka kula majani, na kila kiboko ana njia yake. Alipopita mama yake ndipo atakapopita yeye. Ukiiziba njia hiyo umejitafutia ugomvi na mnyama asiyejua kusuluhishwa.

Ndiyo maana wanaume wa kule hulinda mashamba kwa tochi na debe. Kila mmoja ana namna yake ya kugonga. Baba Rehema aligonga tatu za haraka, akatulia, kisha moja nzito. Nikisikia hivyo nikiwa jikoni, najua yuko salama na anawatisha tu. Lakini mlinzi akigonga mfululizo bila kupumzika, hiyo ni hatari, na majirani wote hutoka na tochi zao. Mtoto wa Nakwa anajua hilo kabla hajaanza shule.

Sasa niwaambie kuhusu Gidion. Huyu ndiye aliyetusimamia kwenye ndoa yetu. Alisimama pembeni ya mume wangu madhabahuni, na kila tulipogombana yeye na mkewe walikuja kutupatanisha. Zaidi ya hapo, Gidion alijua siri yetu kubwa. Baba Rehema alikuwa mlevi wakati wa ujana wake. Aliacha pombe mwaka tuliooana, na aliyemshika mkono siku zile ngumu, akamzuia asirudi kilabuni, alikuwa Gidion. Nilimheshimu mtu yule... Nilimheshimu kuliko kaka zangu wa damu!

Gidion alipata kipande cha ardhi karibu na maji akafungua bustani. Alipanda maua, akaweka mabenchi, akanunua mitambo ya kurusha maji juu na taa za rangi. Kila Jumamosi jioni taa zilicheza kwa kufuata muziki na maji yakabadilika rangi. Mji mzima ulikuwa hauzungumzii kitu kingine. Watu walitoka Bonga, walitoka Mutuka, na familia za wenye maduka mjini zilikuja zimependeza. Na sisi tulijivunia, kwa sababu mwenye bustani alikuwa mtu wetu.

Baba Rehema peke yake ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Gidion alikuwa amezungushia uzio wa waya, na uzio ule ulikata njia ya kiboko. Mume wangu alimwambia aache nafasi. Gidion akacheka, akasema kiboko akiona taa na kelele atahama mwenyewe. Mume wangu akamjibu kwamba kiboko hahami, anakasirika. Wiki chache baadaye waya upande wa ziwa ulikutwa umelazwa chini, na Gidion akaacha kucheka.

Ndipo alipokuja nyumbani. Alikula ugali na samaki mezani kwangu, kisha akamwomba mume wangu awe anasimama upande wa ziwa wakati wa maonyesho, na tochi yake na debe lake, hadi watakapoweka uzio wa maana. Baba Rehema alikubali kwa ajili ya urafiki. Alitoa sharti moja tu. Taa kubwa ya upande wa ziwa isizimwe, hata wakizima nyingine zote, maana gizani yeye na kiboko hawataonana. Gidion alimpa mkono mbele yangu. "Ile haizimwi, Baba Rehema. Nakuahidi kama ndugu yangu."

Jumamosi iliyofuata nami nikaenda kuangalia, nikiwa na Rehema. Mdogo wake alibaki kwa bibi yake, mama mkwe wangu, ambaye nyumba yake iko juu kidogo ya bustani. Nilivaa kitenge changu kipya cha zambarau. Baba Rehema alinitania kwamba nisikae karibu na taa, watu wataacha kuangalia maji wataniangalia mimi. Kisha akachukua debe lake akashuka upande wa ziwa. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na mimi nilimjibu kwa kicheko.

Niseme ukweli, maonyesho yalikuwa mazuri. Maji yaliruka juu yakiwa mekundu, yakawa kijani, yakawa kama dhahabu. Watoto walikaa kwenye majani vinywa wazi. Rehema alinishika mkono, yeye ambaye siku hizo alikuwa ameshaanza kuona aibu kunishika mkono mbele za watu. Nilifurahi kama msichana.

Wimbo wa mwisho ulikuwa wa ngoma. Gidion alichukua kipaza sauti akatuambia tujiandae kuona maajabu. Taa zote zikazimika. Zote... na ile ya upande wa ziwa. Watu wakapiga kelele za furaha. Nilijiuliza moyoni, mbona na ile imezimwa? Lakini ngoma zilianza, na swali lenyewe likanitoka.

Katikati ya ngoma nikasikia debe.

Lilikuwa linagongwa mfululizo, bila kupumzika. Waliokaa mbele yangu walidhani ni sehemu ya muziki, wakaanza kulifuata kwa makofi. Bustani nzima ikalipigia makofi. Rehema akapiga makofi. Na mimi je? Mimi niliyelala na kuamka na debe lile miaka yote ya ndoa yangu? Masikio yangu yalilijua, ndugu zangu. Kuna kitu kilinishtua kabisa hapa kifuani. Lakini nilikuwa nimependeza, nilikuwa na raha, watu wote walikuwa wanacheka... Nikajiambia, huyu Gidion naye, hadi debe ameliingiza kwenye muziki. Nikapiga makofi.

Debe likanyamaza. Ngoma ziliendelea kidogo, kisha taa zikawaka zote kwa pamoja na watu wakasimama kushangilia. Hawajamaliza kushangilia, tukasikia mwanamke anapiga mayowe upande wa uzio.

Sitaeleza nilichokiona. Nitasema tu kwamba alikuwa amelala penye ule waya uliolazwa, mgongo wake kwetu, kwa maana hiyo alikuwa amesimama kati ya kiboko na watoto wetu. Debe lilikuwa pembeni yake limebondwa likawa kama sahani. Asubuhi yake, watu walipokwenda kupaangalia, debe halikuwepo tena.

Msiba ulikuwa kwetu. Gidion alileta turubai, akaleta mahindi na maharage, akalia kuliko ndugu. Nilimwona kama mwamba wangu. Kumbe alikuwa anazunguka kwa waombolezaji mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, akisema kwamba marehemu alikuwa ameirudia pombe. Kwamba jioni ile alikuwa amelewa na alishuka ziwani mwenyewe, hakutumwa na mtu. Kwamba yeye kama msimamizi alijitahidi sana kumsaidia, lakini ndiyo hivyo...

Alijua pa kumpiga. Siri tuliyompa tukiwa tunalia, aliitumia kuokoa bustani yake, maana ingejulikana kwamba aliweka mtu pale kisha akamzimia taa, bustani ingekuwa imekwisha.

Nilipomuuliza aliniruka kimanga. Akasema hakumwomba mume wangu kitu chochote, hakuahidi taa yoyote, na wala hakukuwa na debe. Akanishika bega akaniambia uchungu unanichanganya. Mezani kwangu alikula samaki, jamani!

Mtanishangaa, kwa nini sikusema? Nilisema. Nilimwambia mwenyekiti wa mtaa kwamba Gidion ndiye aliyemweka mume wangu pale, na kwamba mlevi hasimami akagonga debe kuwaonya watu. Mwenyekiti akaniuliza swali la haki kabisa. "Mama Rehema, wewe ulikuwepo. Ulilisikia hilo debe?"

Nikasema hapana.

Ningesemaje ndiyo? Niseme nililisikia, nikalijua, nikakaa kwenye benchi na kitenge changu cha zambarau nikalipigia makofi? Nilisema hapana, na neno langu ndilo lililompa Gidion nguvu. Nilitumaini wengine watasema. Nilipita kwa majirani waliokuwepo. Mmoja alisema muziki ulikuwa juu. Mwingine alisema alikuwa anamtafuta mtoto wake. Bustani ilijaa watu na hakuna aliyesikia kitu! Niliwaelewa vizuri sana, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa anaficha kile nilichokificha mimi.

Basi jina la mume wangu likawa hivyo. Mlevi aliyeuawa na kiboko. Kanisani watu walinipa pole huku wanaangalia pembeni. Shuleni wenzake Rehema walimwita binti wa mlevi, akaacha kwaya, akaacha kucheka, na usiku nilimsikia akilia kwenye mto. Mama mkwe wangu ndiye aliyenitisha zaidi. Hakusema neno lolote, si la kumtetea mwanawe wala la kumlaumu. Alikaa tu mlangoni kwake akiliangalia ziwa. Nikadhani naye ameyaamini maneno ya Gidion.

Ikafika siku ya kumaliza msiba. Ukoo ulikusanyika, mchungaji na mwenyekiti wa mtaa walikuwepo, majirani walijaa uani. Gidion alipewa nafasi ya kuzungumza kama msimamizi wetu. Alisimama, akavua kofia, akasema tusimhukumu marehemu, ila kifo chake kiwe fundisho kwa vijana wetu kuhusu pombe.

Nikamwona Rehema anainama. Binti yangu aliinama kwa aibu kwa ajili ya baba ambaye alikufa akimkinga yeye. Hapo ndipo niliposimama. Sikuwa nimepanga la kusema.

Nikasema, "Debe lilikuwepo. Nililisikia. Nililijua kuwa ni la mume wangu, na nililipigia makofi."

Nikaendelea, nikaeleza sharti la taa, nikaeleza mkono ambao Gidion alimpa mume wangu. Nikamwambia mwenyekiti kwamba nilimdanganya kwa sababu ya aibu. Gidion akajaribu kucheka kidogo, akawaambia watu wanisamehe kwa sababu uchungu wa mjane ni mkubwa. Baadhi yao walianza kutikisa vichwa kumkubalia. Nikaona nimejivua nguo bure.

Ndipo mama mkwe akainuka kutoka kwenye mkeka. Alizungumza kwa Kigorowa, nami nawaandikia kwa Kiswahili. Alisema, "Mimi nililisikia nikiwa kitandani. Debe la mwanangu nalijua. Lilipigwa kama la hatari, nikakaa, nikatafuta tochi yangu. Kisha likanyamaza. Nikasema, ameshamfukuza. Nikalala."

Akarudia tena, polepole. "Nikalala."

Halafu akakaa chini, akajifunika uso kwa shuka yake. Mzee yule alikuwa amebeba neno hilo moja siku zote zile, kama nilivyobeba langu, na sisi wawili tulikuwa tunakutana kila siku kisimani bila kuambiana.

Jirani yangu mmoja akaanza kulia, akasema na yeye alipiga makofi. Mwanaume mmoja wa Mutuka akasema hata yeye. Rehema akasema, "Na mimi, mama." Walisimama wengi. Gidion alitafuta mlango, na hakuna aliyemzuia wala kumuaga.

Jumapili iliyofuata mchungaji alisema mbele ya kanisa kwamba Yohana alikufa akiwalinda watoto wa watu, na akiwa na akili zake timamu. Rehema amerudi kwenye kwaya. Hicho ndicho nilichopata, na nilikipata kwa bei ya kumwambia binti yangu kwamba nilijua. Kuna siku ananiangalia kwa namna fulani, nami namwacha aniangalie. Bustani ilifungwa wiki chache kisha ikafunguliwa. Siku hizi ina uzio wa maana, na ile taa ya upande wa ziwa haizimwi kamwe. Naiona kutoka mlangoni kwangu kila Jumamosi, na kila Jumamosi inaniuma upya.

Ndugu zangu, siwakatazi kwenda kuangalia taa na kusikiliza muziki. Nendeni, maisha ni mafupi. Ninachowasihi ni hiki: mtu wenu akichafuliwa akiwa kaburini, msingoje jirani aseme. Semeni mnachokijua, hata kama kinawaumbua wenyewe, na semeni mapema kabla uongo haujaota mizizi. Na moyo ukikushtua mahali pa raha, inuka kwanza ukaangalie. Kama si kitu, utachekwa, lakini utarudi kukaa.

Mama mkwe sasa anaishi na mimi. Debe lolote likigongwa mfululizo kule ziwani, la mtu yeyote, tunatoka wote wawili na tochi zetu. Mara nyingi tunakuta ni kijana anayemfukuza kiboko mwenye ukaidi tu, naye hutushangaa, mjane na bibi kizee wanatafuta nini huku. Mama mkwe humulika uso wake na kumwangalia kwanza, ndipo tunageuka kurudi nyumbani.