Kamba Chini ya Goti

Kila asubuhi Quinter aliwasha jiko, akamwamsha Hillary na wadogo zake, kisha akafunga kamba ya mkonge chini ya kila goti. Aliikaza kwelikweli. Quinter hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu.

Kazi yake huko Mwatate ilikuwa kusafisha nyuzi za mkonge kwa mashine. Alisimama kutoka asubuhi hadi saa tisa alasiri. Jioni miguu ilimvimba, na mishipa ilijitokeza nje, imepindapinda.

Msimamizi alikuwa amemwonya: "Nikikukuta umeketi tena, nitaweka mwingine hapo." Quinter aliogopa sana. Aliipenda kazi ile, na hakuna aliyemshinda kwa kusafisha nyuzi.

Jioni moja alipita kwa jirani yake Jedidah, mhudumu wa afya ya jamii. Jedidah ni Mtaita wa Sagalla, mcheshi, lakini hafichi neno.

"Mama Hillary, mbona umejifunga miguu kama kuku wa sokoni?"

Quinter akacheka. "Dada, damu inashuka, inajaa miguuni. Nimeifungia njia."

"Njia umefunga, lakini ni ile ya kurudi. Lete mkono."

Jedidah alimfungua kamba ya mguu mmoja, akamfunga nayo juu kidogo ya kifundo cha mkono. Punde mishipa ya mkono ikavimba.

"Unaona? Damu bado inaingia. Moyo unaisukuma kwa nguvu kupitia ateri. Ateri zina kuta nene, na ziko ndani. Kamba hii haiziwezi. Halafu damu inapita kwenye mishipa midogo, myembamba kuliko unywele. Hapo inaacha chakula na hewa safi. Ndipo inarudi moyoni kwa vena. Vena zina kuta nyembamba, na nyingi ziko karibu na ngozi. Hizo ndizo unazibana."

"Kwa hivyo damu inaingia, haitoki?"

"Hivyo tu."

Miezi mitano alikuwa akijifunga hivyo! Quinter aliona aibu, kisha akakasirika, akaifungua kamba kwa nguvu. Mishipa ya mkono ikashuka papo hapo.

"Na damu inapandaje kutoka chini huko?"

"Ndani ya vena za miguu kuna vali, yaani vilango vinavyofunguka kuelekea juu tu. Ukitembea, misuli inakamua vena, damu inapanda. Kilango kinajifunga, hairudi chini. Ukisimama tuli, nani atakamua? Damu inalundikana, vilango vinalegea."

"Sasa nitafanyaje, na kazi ni ya kusimama?"

"Inua visigino, shusha, inua tena. Nyumbani, lala miguu ikiwa juu ya mto. Jumamosi twende zahanati wakuangalie. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usingoje. Ni hospitali mara moja, huenda damu imeganda ndani."

Kule zahanati hawakuona damu iliyoganda. Walimpima miguu, wakampa soksi maalum zinazobana zaidi kifundoni na kidogo tu juu.

Baada ya wiki sita, mishipa ilikuwa bado inaonekana, lakini uvimbe ulikuwa umepungua. Quinter alimaliza kazi bila kutafuta pa kuketi. Wenzake wakamwiga. Asubuhi moja msimamizi alikuta mstari mzima wa wanawake wakiinuka na kushuka.

"Mnacheza ngoma gani?"

"Tunarudisha damu moyoni," Quinter alijibu, mikono ikiendelea na kazi.

Msimamizi alitazama rundo la nyuzi safi kando yake, akapita kwenda kukagua mashine nyingine.

Zile kamba mbili Quinter bado anazo. Hufungia mlango wa banda jioni, kuku wote wakisharudi.