Mgeni Niliyemwandika Mimi

"Nilikuja. Tena dada huyu hapa alinikaribisha chai."

Afisa wa afya alisema hivyo mbele ya kikao kizima huku akininyooshea kidole… na mwenzenu sikuwahi kumtia machoni mtu yule tangu nizaliwe.

Ngojeni niwaambie ilivyokuwa.

Mimi ni karani wa shule ya msingi, shule ndogo ya kijijini, madarasa saba na ofisi moja. Mnaonijua mnajua ninavyopenda wageni. Mgeni akifika nampa kiti, namchimba habari zote mpaka za mke wa pili, ndipo namsogezea kitabu cha wageni. Jina, atokako, shida yake, maoni, saini.

Wakati mmoja tuliambiwa wakaguzi wanakuja. Mwalimu mkuu akapekua kile kitabu, akaguna.

"Mwaka mzima hakuna mtu wa afya humu."

"Si hajaja, mkuu."

"Mwandike basi. Nani atajua?"

Nikamwandika afisa wa afya wa kata, ambaye jina lake nililijua kwa barua tu. Shida: kukagua vyoo. Maoni: vyoo ni imara, hongereni sana. Nikageuza mwandiko, nikambunia na saini yenye mkia mrefu. Tukacheka wote wawili. Sifichi, nilicheka.

Wiki tatu baadaye sakafu ya choo cha wasichana ikazama na mtoto wa darasa la kwanza.

Walimtoa saa nane mchana, ameshakufa. Mama yake alikuja mbio, mikono bado ina unga… hapo naomba nipaache.

Mwalimu wa zamu siku hiyo alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Ndiye aliyesema mara mbili kwamba sakafu ile ina ufa, akaambiwa asubiri.

Siku ya nne kikaitishwa kikao cha kamati ya shule, na afisa wa afya akaitwa. Kitabu mezani. Wakasema, kama choo kilikaguliwa na kikakutwa imara, basi watoto waliachwa wakakirukia mpaka kikavunjika. Kosa la mwalimu wa zamu. Kazi yake imekwisha, na polisi wawili wanamsubiri barazani.

Nikasimama.

"Mwenyekiti, huyu mtu hakuja. Niliandika mimi."

Ndipo afisa, aliyeketi kando ya mkuu, akaninyooshea kidole na kusema yale ya chai; mwenyekiti akanigeukia.

"Nani alikutuma?"

"Mwalimu mkuu."

Mkuu akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu mwenye homa kali.

"Mwenyekiti, mtuhumiwa ni mdogo wake. Tumwelewe tu."

Watu wakatikisa vichwa. Wengine hao nimecheka nao miaka na miaka.

"Sawa," nikasema. "Mpeni afisa karatasi asaini hapa hapa. Mlinganishe na kitabu."

Nilijua nimemshika pabaya.

Afisa akavaa miwani, hana haraka. Akachukua kalamu, akasaini…

Mkia mrefu. Kikunjo kile kile. Saini niliyoibuni mimi, kwenye meza yangu, mtu yule aliitoa kama ameizoea tangu utoto!

Ndipo akili ikanijia. Tangu msiba, kitabu kilikuwa kimefungiwa kabatini kwa mkuu. Siku nne. Mwaka mzima afisa hakukanyaga shuleni, na ukurasa wangu ndio uliokuwa unamwokoa. Siku nne zinatosha kujifunza saini.

Nikaomba kalamu nami. Saini ile niliitia mara moja tu, ikatoka kama buibui aliyekanyagwa. Kuna mtu nyuma alicheka.

"Keti, dada yangu," mwenyekiti akasema. "Uchungu tunauelewa."

Mdogo wangu alipopitishwa mlangoni nikamshika mkono.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Nilijua."

"Siku nne, dada, umekula na mimi sahani moja… ukinyamaza?"

Nikamwachia mkono. Nilikuwa naogopea kazi yangu. Kazi bado ninayo, naenda kila asubuhi. Yeye yuko ndani, kesi haijaisha. Mama wa yule mtoto akikutana nami njiani ananishukuru kwa kumhurumia, ingawa naye anaamini mdogo wangu ndiye aliyemuua mwanawe.

Nyie mnaojaza majina ya watu wasiofika, kisa mkuu kasema, kisa wote wanafanya… na nyie mnaojua kitu na kusubiri kesho ndipo mseme. Nilidhani nimeandika mtu hewa. Mtu hewa akaja, akavaa miwani, akaketi kwenye kiti.

Na wakamwamini kuliko mimi.