Jini Aliyekula SI

Kosa lenyewe lilikuwa la herufi mbili tu. Mfasiri aliandika "Usimpe mtoto wa chini ya miaka miwili", akainuka kwenda kuchota maji ya kunywa, na aliporudi mezani kioo cha kompyuta kilisomeka "Umpe mtoto wa chini ya miaka miwili". Alidhani ni uchovu. Akairudishia SI yake, akaendelea. Kazi yake ilikuwa kufasiri zile karatasi ndogo zinazokunjwa ndani ya maboksi ya dawa, na kwa miaka tisa hakuwahi kukosea kipimo wala onyo.

Kompyuta yenyewe ilikuwa dude zito la zamani, feni inanguruma kutwa, ukiihamisha kutoka meza hadi meza mgongo unakukumbusha wiki nzima. Lakini uzito angeuvumilia. Kilichomtia hasira, hasira ya kukunja ngumi peke yake chumbani, kilikuwa kile kisanduku. Kila siku kilichomoza katikati ya sentensi kumwambia kuna kipya kinachotaka kuingizwa, na chini yake vitufe viwili: "Sasa" na "Baadaye". "Hapana" haikuwapo. Yaani mtu anakupigia hodi kila siku, na majibu unayoruhusiwa ni ingia sasa au ingia baadaye! Mfasiri alibonyeza "Baadaye" bila kusoma, kama tunavyofanya sote, siku baada ya siku, miaka tisa.

Wiki ile SI zikapotea nne. Ya nne ilipenya hadi kwa msimamizi wa uchapaji, ambaye alikuta onyo linasema "Unywe pamoja na pombe", akampigia simu kumfokea kwamba anataka kuwamaliza watu. Mfasiri alikata simu, akaizima ile kompyuta, akaapa haiwashi tena.

Akamwita shemeji yake, mdogo wa mumewe. Huyu walimpachika jina la Huria, kwa sababu hakuweza kumaliza sahani ya chakula bila kuhubiri habari za mifumo huria, ile ya kompyuta isiyo na tajiri, inayoundwa na watu wa kujitolea na kugawiwa bure. Alifika siku ileile na laptopu nyembamba, nyepesi, unaibeba kwa vidole viwili. Haikuwa na feni hata moja. Huria aliung'oa mfumo iliokuja nao, akaweka wa kwake, kisha akahamishia mafaili yote kutoka kwenye ile ya zamani. Na kweli, mfumo mpya uliuliza kila kitu kwa adabu, na kila swali lilikuwa na "Hapana" yake. Mfasiri aliibonyeza mara sita kwa raha ya mtu anayekuna upele.

Siku ya tatu, mchana, jua limejaa mezani, akasikia kitu kinatafuna.

Alitega sikio dirishani, akatega mlangoni, kisha akainamia laptopu. Ilitoka humo, ndani ya mashine isiyo na feni wala chombo chochote kinachozunguka: mtafuno mdogo wa taratibu, kama mtu anayekula mbegu kavu na hataki kusikika. Pua yake ikapata harufu ya nywele zilizoungua. Na kwenye kioo, mbele ya macho yake makavu, SI zilikuwa zinaondoka moja moja, "usizidishe" ikawa "uzidishe", "usimeze" ikawa "umeze", "usiendeshe gari" ikawa "uendeshe gari", na baada ya kila moja ule mtafuno ukanyamaza kidogo, kama unameza.

Huria alisema ni ubovu wa mfumo, akafuta kila kitu, akaweka mfumo wa pili. SI zikaliwa. Akaweka wa tatu, mwepesi kuliko yote, ambao aliusifu kwamba hata kompyuta ya enzi za babu yake ingeubeba, na kabla hajamaliza kuusifu ule mtafuno ulianza tena, safari hii kwa pupa, huku harufu ikijaa chumba mpaka wakakohoa, huku yeye akibonyeza kitufe cha kuzima na laptopu ikikataa kuzimika, huku jasho likimdondoka juu ya vitufe na vitufe vikishuka na kupanda vyenyewe chini ya matone. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Shemeji," alinong'ona, "hii sasa imenizidi. Nikamwite shangazi."

Shangazi yake alikuwa mkunga mstaafu, mtu anayeitwa pale daktari na fundi wanapotazamana. Alifukiza ubani, akafunga madirisha, akaitazama laptopu kama anavyotazamwa mgeni aliyekaa bila kukaribishwa. Akamuuliza aliyemo ndani, kwa sauti ya chini, nani kamwalika.

Herufi zikajiandika: "Yeye."

Lini?

"Nilibisha kila siku. Niliuliza, niingie sasa au baadaye? Alijibu baadaye." Kisha, chini yake: "Baadaye ndiyo hii."

Mfasiri aliviona vile visanduku vyote kwa mkupuo, vile alivyovifukuza bila kusoma, asijue vingapi vilikuwa vya kompyuta na vingapi vya mwenzake huyu. Baridi ikampanda miguuni. Kisha, juu ya baridi, hasira.

"Mwanangu, huyu hajawahi kukataliwa," alinong'ona mkunga. "Mkatalie. Mara moja, kwa kinywa chako, na uwe unamaanisha."

Mfasiri akasimama. Alimfikiria msimamizi anayeleta kazi Ijumaa jioni na kuitaka Jumamosi. Aliwafikiria ndugu wa mume wanaojikaribisha mwezi mzima, na kila aliyejipenyeza maishani mwake kwa sababu yeye kazoea kusema sawa, baadaye, tutaona. Alimchukia kila mmoja wao. Alijichukia mwenyewe zaidi.

"Hapana," alisema, na sauti ilitoka nzito mpaka Huria akashtuka.

Mtafuno ukakoma. SI zikaanza kurudi kwenye kioo, moja baada ya nyingine, kila moja mahali pake. Chini kabisa yakatokea maneno mawili: "Sawa. Nahama."

Mkunga akauliza anahamia wapi.

"Mahali pepesi zaidi."

Harufu ikatoweka. Mkunga alisema majini wa namna hiyo huchukuliwa na upepo, akafungua madirisha. Mfasiri na Huria wakapitia karatasi ya dawa ya watoto kwa macho na kidole, neno kwa neno, wakahesabu kila SI, wakaituma. Haikupita saa moja, msimamizi akapiga simu.

"Maandishi yako siyaamini tena," alisema, "na hiyo lugha ya kigeni unayofasiri mimi siijui. Nisomee lile onyo la watoto kwa mdomo wako. Fanya haraka, mashine zikishawaka sipokei simu ya mtu."

Mfasiri alitabasamu. Akaweka kidole chini ya mstari.

"Umpe mtoto wa chini ya miaka miwili," alisema.

Huria akainua kichwa. Mfasiri akakaza macho kwenye kioo. SI ilikuwapo, nzima, nyeusi. Akasoma tena, polepole, akahisi ulimi unajikunja kuitamka, na palepale, nyuma ya meno yake, kitu kidogo kikatafuna na kumeza.

"Umpe," alisema.

"Kumbe. Basi hii SI naifuta," alisema msimamizi. "Afadhali nimekupigia."

"Uifute," alilia mfasiri, machozi yakimtoka, akikishika kinywa chake kwa mkono kana kwamba angeweza kukikamata kilichomo. "Uifute! Uchape! Nakuomba, uchape!"

"Nimekusikia dada, mbona unafoka? Tunachapa."

Mashine zikanguruma, na kabla Huria hajainyakua, simu ikakatika.