Mama Tiurlan na Maua ya Sihala

Kila asubuhi Mama Tiurlan alishika kisu, akazunguka nyuma ya jiko, akakata ua la sihala. Sihala ni tangawizi mwitu. Majani yake hupita urefu wa mtu, na ua lake jekundu huchomoza ardhini kwa kikonyo chake. Likiwa bado limefumba, hukatwakatwa na kutiwa kwenye pilipili ya kusaga. Mumewe, Baba Tiurlan, bila pilipili hiyo wali haumpiti kooni.

Asubuhi moja simu ililia. Binti yao Tiurlan, aliyeolewa ng'ambo ya ziwa, alikuwa na mimba changa.

Badala ya kupiga vigelegele, Mama Tiurlan akaingiwa na baridi. Kwa desturi ya kabila lao la Wabatak, mimba ikifika miezi saba, mama mzazi humpelekea binti yake samaki wa arsik. Ni samaki wa manjano, anayepikwa taratibu mpaka mchuzi unakauka. Uchachu wake hutoka kwenye tunda la sihala. Mwaka juzi Mama Tiurlan alilikosa tunda hilo, akatia ndimu. Siku chache baadaye Tiurlan akajifungua mtoto asiye na uhai.

Mama Tiurlan hakumwambia mtu, ila moyoni alijihukumu. Ni mimi na ndimu yangu, alijisemea.

Akashuka mbio hadi korongoni, wanakijiji wanakochuma matunda. Lo! Mashimo matupu! Watu walikuwa wameng'oa sihala na mizizi yake, wakaenda kuuza mjini. Alirudi nyumbani anahema. Akamkuta wifi yake Rumondang, dada wa mumewe, ameketi ngazini anatafuna tambuu.

"Wifi, nani kakufukuza?"

"Niache mie! Tiurlan ana mimba, na korongoni hakuna sihala. Nitampikia nini mwanangu?"

"Na hii ya nyuma ya jiko?"

"Hiyo tasa. Tangu niipande haijazaa hata tunda moja."

Rumondang alicheka mpaka tambuu ikamtoka. "Tasa! Makubwa haya! Unakata ua kila asubuhi, tunda litoke wapi? Kwenye kisu?"

Mama Tiurlan akashika mdomo.

"Tunda linatoka kwenye ua lilelile," Rumondang akasema. "Liache lifunguke, likauke. Kichwa kitabaki, kitavimba kama nanasi dogo. Ndani mna mbegu nyeusi, na nyama yake ni chachu. Maua mengine kuleni, mengine yaacheni yazae."

"Yatawahi?"

"Ukiacha kisu leo, yatawahi. Je, Tiurlan ameanza kliniki?"

"Mie nakuuliza samaki, wewe unaniambia kliniki!"

"Samaki ni wa baraka, wifi. Samaki hapimi presha. Mpigie aende."

Mama Tiurlan akapiga simu palepale. Kisha akachukua jembe. Alitaka kupanda sihala nyingine uwanjani, penye jua.

"Hapo utaiua," Rumondang akamzuia. "Jua kali linababua majani, upepo unayachana. Twende chini ya mdoriani. Pana kivuli na unyevu, lakini maji hayatuami."

Wakachimbua kipande cha shina la ardhini chenye mizizi na machipukizi. Wakakata majani yake marefu ili kisinyauke. Shimoni wakatia samadi kuukuu ya nyati wa kufugwa, wakafukia, wakatandaza majani makavu juu.

"Kingine kiwe mbali kidogo," Rumondang akasema. "Sihala inatambaa, inataka nafasi. Na uwe na subira. Mwaka utapita kabla hujaona ua."

Subira! Mama Tiurlan hakuwa nayo hata chembe. Usiku mvua ikinyesha, roho juu. Kuku wakisogea, anawafukuza. Akazungushia maua ya nyuma ya jiko uzio wa mianzi.

"Moja tu, mke wangu," Baba Tiurlan akabembeleza. "Wali hauliki."

"Lile la pembeni chukua. Ukigusa haya, nitakupika wewe!"

Maua yalipokauka, alikimbia kwa wifi yake anapiga kelele. "Yamekufa!"

"Hayajafa. Yanazaa. Hebu tulia, mwanamke!"

Na kweli, vichwa vilivimba, vikawa vyekundu, vikaiva. Mwezi wa saba ulipotimia, Mama Tiurlan alipika samaki, akavuka ziwa.

Tiurlan alikula kwa mkono, mbele ya wakwe. Mama yake alihesabu kila tonge.

"Uchachu umekolea? Safari hii si ndimu."

"Kwani mwaka juzi ilikuwa ndimu?"

"Hukujua?"

"Mama, samaki yule nilimla mpaka kichwa. Presha ilinipanda, nami sikuwa nimekwenda kliniki. Nesi alinieleza. Ndimu inaingiaje hapo?"

Mama Tiurlan akaangua kilio, wakwe wakamtazama. Hakuona haya. Tiurlan akamega samaki, akamtia mama yake kinywani. "Kula, Mama. Umekonda."

Mtoto alizaliwa salama kliniki, kilio chake kikasikika mpaka mwisho wa ukumbi. Kijijini, chini ya mdoriani, sihala ilikuwa imeotesha machipukizi mapya, na Rumondang akaahidi kwenda kupanda baadhi korongoni. Mama Tiurlan, aliyekuwa kwa binti yake ng'ambo ya ziwa, aliambiwa habari hizo kwa simu. Hakuinuka kwenda kuyatazama. Alikuwa amempakata mjukuu wake, na wote wawili wakapitiwa na usingizi.